Simu ya Mkononi na Suala la Kujitegemea

Si ajabu siku hizi kumsikia kada akisema mkutanoni kwamba nchi yetu imekwisha kuingia katika zama za teknolojia mpya, na ushahidi anaoutoa ni simu: mkulima anayo, mvuvi anayo, mama lishe anayo, hata mchungaji wa ng'ombe huko porini anayo. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na katika siasa nusu ya ukweli huweza kupoteza watu kuliko uwongo mtupu. Kuwa na jembe si sawa na kuwa na mhunzi. Kijiji chenye majembe mia na kisicho na mhunzi hata mmoja kitalima mwaka huu. Lakini siku majembe yakikatika kitamtegemea mtu wa nje, na mtu huyo ndiye atakayeamua bei, ukubwa wa jembe na hata umbo la mpini.

Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, simu ya mkononi ni chombo cha namna gani, na husanifiwa vipi. Pili, ni nani waliokata shauri kiwe hivyo kilivyo. Tatu, ni fundisho gani tunalolipata sisi tunaosema kwamba msingi wa siasa yetu ni kujitegemea. Hatuwaandikii mafundi, maana wao wanayajua haya kuliko sisi. Tunamwandikia kada na mwanafunzi, kwa sababu ndio watakaokaa katika kamati siku mwekezaji atakapokuja na karatasi zake akisema anataka kujenga kiwanda cha simu. Asiyejua chombo kinavyotengenezwa hawezi kujua anauziwa nini.

SELI NI NINI?

Mwanzo wa jambo lote hili ni uhaba. Simu ya mkononi ni redio inayosikiliza na kusema, na redio hutumia masafa. Masafa ni kama ardhi: hayaongezeki. Tuchukue mfano wa mfumo wa GSM, ulioenea duniani kote kuanzia miaka ya 1990. Katika mpango wake wa kwanza simu zilipewa masafa ya megahezi 890 hadi 915 kwa kusema na mnara, na mnara ukapewa megahezi 935 hadi 960 kwa kusema na simu. Eneo hilo liligawanywa katika njia 124, na kila njia iliweza kubeba wasemaji 8 kwa wakati mmoja. Ukizidisha utapata 992. Maana yake ni kwamba kama mji wa Dar es Salaam ungekuwa na mnara mmoja mkubwa tu, basi hata watu 1,000 wasingeweza kuzungumza kwa pamoja. Mtu wa 993 angengoja.

Dawa ya uhaba huo ilifikiriwa mapema. Mwezi Desemba 1947, Douglas Ring na Rae Young, wahandisi wa maabara za Bell huko Marekani, walieleza wazo la kugawanya eneo katika vipande vidogo vinavyoitwa seli. Kila seli iwe na mnara wake wenye nguvu ndogo, na masafa yaliyotumika katika seli moja yatumike tena katika seli nyingine iliyo mbali kidogo, ambako mawimbi ya ile ya kwanza yamekwisha kufifia. Kwa njia hiyo shamba lile lile hulimwa mara nyingi kwa msimu mmoja.

Wazo lilikuwa rahisi kuelezwa, lakini utekelezaji wake ulichukua zaidi ya miaka 30. Ili mtu aliye katika basi aendelee kuzungumza wakati anavuka kutoka seli moja hadi nyingine, lazima pawe na mitambo inayopima nguvu ya mawimbi kila mara na kuihamisha simu yake bila yeye kujua. Kazi hiyo ilingoja kompyuta na saketi ndogo za kielektroniki. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipiga simu ya kwanza ya mkononi katika mtaa wa New York. Chombo chake kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Mwezi Desemba 1979 mtandao wa kwanza wa seli wa biashara ulifunguliwa Tokyo. Mwaka 1981 nchi za Ulaya ya Kaskazini zikaanzisha wa kwao. Simu ya mkononi ya Motorola iliyoidhinishwa mwaka 1983 iliuzwa kwa dola 3,995; iliweza kuzungumza kwa nusu saa tu, kisha ikahitaji kuchajiwa kwa saa 10 hivi. Haikuwa chombo cha mfanyakazi wala mkulima wa nchi yoyote.

SAUTI INASAFIRI VIPI?

Kada anayetaka kuelewa usanifu wa simu hana budi afuate safari ya neno moja tangu mdomoni hadi mnarani. Tuifuate safari hiyo katika mfumo ule ule wa GSM.

Unaposema, simu huipima sauti yako mara 8,000 kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Tarakimu hizo ni nyingi mno: zinafika biti 104,000 kwa sekunde, na njia haina nafasi ya kuzibeba. Kwa hiyo programu iliyo ndani ya simu huichunguza sauti kwa vipande vya sehemu 20 za elfu ya sekunde, ikatupa yale ambayo sikio linaweza kuyakosa, na kubakiza biti 13,000 kwa sekunde. Kisha, kwa kuwa njiani kuna kelele na vizuizi, huongeza tarakimu za kusahihisha makosa mpaka zikafika 22,800. Mwisho huzichanganya na kuzitawanya katika vifurushi kadhaa, ili kifurushi kimoja kikipotea neno zima lisipotee. Ni sawa na mtu anayesafirisha mayai katika vikapu vingi badala ya kimoja.

Vifurushi hivyo havitumwi mfululizo. Wasemaji 8 wanashiriki njia moja kwa zamu, na zamu ya kila mmoja ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Simu yako husema, ikanyamaza zamu 7, ikasema tena, mara 217 hivi kwa sekunde. Msomaji aliyewahi kuweka simu ya namna hiyo karibu na redio amelisikia jambo hili kwa masikio yake mwenyewe: kabla simu haijalia, redio huanza kukoroma. Mkoromo ule ni simu ikichukua zamu yake.

Data, yaani maandishi, picha na hesabu, mwanzoni ilibebwa kama mgeni tu katika nyumba ya sauti. Tarehe 3 Desemba 1992 ujumbe wa kwanza wa maandishi ulitumwa huko Uingereza. Ulisafiri katika njia ya ishara, ile ambayo mnara huitumia kuiambia simu kwamba inaitwa. Mnamo mwaka 2000 ukaja utaratibu wa kutuma data kwa vifurushi. Mwaka 2001 Japani ikafungua kizazi cha tatu. Mwezi Desemba 2009 kizazi cha nne kikafunguliwa Stockholm na Oslo. Katika kizazi cha nne mambo yaligeuka: data ikawa mwenye nyumba, na sauti yenyewe ikawa data, ikikatwa vifurushi kama barua nyingine zote.

KUSANIFU NI KUCHAGUA

Watu wengi hudhani kwamba kusanifu simu ni kuchora umbo lake la nje. Umbo ni sehemu ndogo. Kusanifu ni kupatanisha mahitaji yanayogombana, na katika kila ugomvi lazima msanifu achague.

Kwanza, antena. Katika megahezi 900 wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi, na antena ya kawaida huhitaji robo ya urefu huo, yaani sentimita 8. Mnunuzi anataka simu ndogo isiyo na pembe inayochomoza. Msanifu anaikunja antena na kuificha ndani, na kwa kufanya hivyo anapoteza sehemu ya nguvu yake. Mtu wa mjini aliye karibu na mnara haoni tofauti. Mtu wa kijijini aliye pembezoni mwa seli ndiye anayelipa, maana yeye ndiye anayelazimika kupanda kichuguu ili apate mtandao.

Pili, betri. Simu ya mkononi ya GSM katika masafa hayo iliruhusiwa kutoa nguvu ya wati 2 wakati wa zamu yake. Lakini kwa kuwa husema zamu moja kati ya 8, wastani wake ni robo ya wati. Wakati haizungumzi hulala, ikaamka kila baada ya muda mfupi kusikiliza kama inaitwa, kisha ikalala tena. Ustadi wa kuipangia simu usingizi ndio unaofanya betri idumu siku kadhaa badala ya nusu saa. Kwa familia isiyo na umeme, inayolipia kuchaji simu sokoni, usingizi huo ni fedha.

Tatu, mwili wa binadamu. Simu hukaa kichwani, na mawimbi yake hupasha joto. Marekani imeweka kikomo cha wati 1.6 kwa kila kilo ya mwili, ikipimwa katika gramu moja. Ulaya imeweka wati 2, ikipimwa katika gramu 10. Simu lazima ipimwe maabara kabla ya kuuzwa.

Nne, programu. Simu isiyo na programu ni kipande cha plastiki na madini. Anayeandika programu ndiye anayeamua lugha itakayoonekana, habari zitakazokusanywa juu ya mwenye simu, na siku ambayo chombo kitaitwa kimezeeka ingawa bado kizima.

Tunatoa mifano hii minne ili tuthibitishe jambo moja: ndani ya kila simu mna mamia ya maamuzi, na kila uamuzi una mtu fulani aliyefikiriwa na mtu fulani aliyesahauliwa.

MEZANI WALIKUWAPO AKINA NANI?

Mabepari hupenda kutusimulia kwamba simu ya mkononi ni tunda la ushindani wa soko huria. Historia inakataa. Mfumo wa Ulaya ya Kaskazini wa mwaka 1981 ulitungwa na idara za posta na simu za serikali za nchi hizo, na kanuni zake ziliachwa wazi ili kampuni yoyote iweze kutengeneza vyombo vyake. Mwaka 1982 idara za posta na simu za Ulaya ziliunda kamati ya kutunga mfumo mmoja wa bara zima. Hiyo ndiyo kamati iliyozaa GSM. Mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ilizitaka nchi wanachama kutenga masafa yale yale, na mwezi Septemba mwaka huo huo mashirika ya simu kutoka nchi 13 yalitia sahihi mjini Copenhagen kwamba yangejenga mfumo huo. Tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza katika mtandao wa biashara wa GSM ilipigwa huko Finland na Harri Holkeri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa zamani. Kabla kampuni hazijashindana kuuza, serikali zilikwisha kukaa na kupanga. Mpango ulitangulia soko.

Sasa tujiulize: sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1982 Shirika letu la Posta na Simu lilikuwa na miaka michache tu tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka 1977, na kazi yake ilikuwa kutafuta nyaya na vipuri. Ile kamati ilikuwa ya Ulaya. Hatukualikwa, na hata tungealikwa tungewapeleka wahandisi wangapi? Hatusemi haya kwa kulalamika. Tunayasema kwa sababu matokeo yake yamo mikononi mwetu hadi leo.

Tutoe mifano miwili. Kwa kuwa simu husema kwa zamu, iliyo mbali lazima ianze kusema mapema kidogo ili mawimbi yake yafike mnarani kwa wakati. Waliotunga GSM waliweka hatua 63 za kutanguliza huko, na kila hatua ni sawa na mita 550 hivi. Hesabu hiyo inaishia kilomita 35. Simu iliyo kilomita 40 kutoka mnarani, hata kama iko uwandani na mnara unaonekana kwa macho, haiwezi kuhudumiwa katika utaratibu wa kawaida. Ipo njia ya kuurefusha umbali huo, lakini hupunguza idadi ya wasemaji. Kwa Ulaya yenye miji iliyosongamana, kilomita 35 ni nyingi kupita kiasi. Kwa nyika zenye vijiji vilivyotawanyika, ni ukuta.

Mfano wa pili ni ujumbe wa maandishi. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, kwa sababu kila herufi ilipewa biti 7. Katika orodha ya herufi hizo ziliwekwa za Kilatini, pamoja na nyongeza za lugha za Ulaya na herufi kubwa za Kigiriki. Kiswahili kiliponea humo kwa bahati, kwa kuwa tunaandika kwa herufi za Kilatini. Lakini Mwethiopia anayeandika Kiamhari, au Mwarabu anayeandika kwa herufi zake, lazima atumie biti 16 kwa kila herufi, na ujumbe wake huishia herufi 70. Anacholipia Mwingereza mara moja, yeye hukilipia mara mbili. Hakuna aliyekaa akasema, "Tuwanyonye Waethiopia." Hawakuwamo mezani, basi walisahauliwa. Mara nyingi unyonge katika teknolojia huja hivyo, bila matusi na bila bunduki.

MKONO UNAOCHIMBA NA MKONO UNAOCHORA

Tuigeuze simu tuitazame kwa upande wa thamani. Betri zake nyingi hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni. Tantalamu ya saketi zake hutokana na koltani, ambayo huchimbwa pia Kivu. Chipu nyingi hufuata michoro ya kampuni ya Arm ya Cambridge, Uingereza, iliyojenga utajiri wake kwa kuuza ruhusa ya kutumia michoro hiyo. Nyingi kati ya zile bora huchapwa katika viwanda vya Taiwan. Kuunganisha hufanyika kwa wingi China na nchi nyingine za Asia.

Je, mapato hugawanywa vipi? Watafiti wa Marekani waliochunguza iPhone ya mwaka 2010 walikuta kwamba faida ya mwenye usanifu ilifika asilimia 58 hivi ya bei, na gharama ya nguvukazi ya wafanyakazi wa China waliokiunganisha chombo chenyewe haikufika asilimia 2. Kada azisome tarakimu hizo mara mbili. Aliyechora alichukua zaidi ya nusu. Aliyekaza skrubu usiku na mchana alichukua makombo. Na mchimbaji wa Kolwezi hata katika hesabu hakuonekana kwa jina.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba kiwanda cha simu kimefunguliwa, kama kilivyofunguliwa cha Kigali mwezi Oktoba 2019 na cha Athi River nchini Kenya mwezi Oktoba 2023, tusivibeze. Kuunganisha kunatoa ajira, kunafundisha nidhamu ya kiwanda, na ni hatua. Lakini hatua si mwisho wa safari. Chipu za simu hizo hutoka nje, programu yake ya msingi hutoka nje, na hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi uliomo, ziko nje. Anayeunganisha bila kusanifu amepanda daraja moja kutoka kwa anayenunua; hajafika bado kwa anayeamua.

Hata huduma ya kutuma fedha, tunayojivunia Afrika Mashariki, ina fundisho hilo. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Iliwezekana kwa sababu kanuni za GSM ziliruhusu orodha ndogo ya amri iwekwe ndani ya kadi ya simu, hivyo simu ya bei ya chini kabisa ikaweza kutuma fedha. Maisha yaliyoipa uhai yalikuwa yetu: mfanyakazi wa mjini anayempelekea mama yake kijijini. Lakini programu yake ya mwanzo iliandikwa Uingereza. Tulitoa tatizo na matumizi. Wengine walitoa usanifu na kuumiliki.

MAFUNDISHO YA FINLAND NA INDIA

Asije mtu akasema kwamba usanifu ni kazi ya mataifa makubwa tu. Finland ni nchi ya watu wachache, iliyojulikana kwa magogo na karatasi. Nokia yenyewe ilianza mwaka 1865 kama kinu cha kusaga magogo, ikatengeneza viatu vya mpira na nyaya. Ilifika kwenye simu kwa miaka mingi ya kujifunza redio, kwa kushirikiana na kampuni ya umma ya Televa ambayo baadaye iliingizwa ndani yake, na kwa kuwamo katika kamati za viwango tangu mwanzo. Mwaka 2003 ilitoa simu ya Nokia 1100, iliyokusudiwa nchi maskini: vitufe vilivyozuia vumbi, mgongo usioteleza katika mkono wenye jasho, na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Wasanifu wake walijiuliza mtumiaji anaishi vipi, na jibu likawa tochi.

Lakini Nokia ina fundisho la pili. Baada ya mwaka 2007, simu ilipogeuka kuwa kompyuta na nguvu ikahamia kwenye programu, Nokia ilichelewa. Mwaka 2013 ilikubali kuuza biashara yake ya simu kwa Microsoft. Viwanda vilikwenda, hataza zilibaki, na Nokia imeendelea kukusanya malipo kutoka kwa wanaotengeneza simu ambazo yenyewe haizigusi. Mali iliyodumu haikuwa mashine. Ilikuwa maarifa yenye hati ya umiliki.

India inatupa fundisho lililo karibu zaidi na hali yetu. Viwango vya simu siku hizi hutungwa na ushirikiano wa kimataifa ulioundwa mwaka 1998, wenye vyombo 7 kutoka Ulaya, Marekani, China, Japani, Korea na India. Hakuna hata kimoja cha Afrika. Chombo cha India kiliingia mwaka 2015. Kanuni za kizazi cha tano zilipokuwa zikitungwa, wahandisi wa India walileta hesabu za vijiji vyao: wakazi wengi wasiosafiri kwa kasi, na minara iliyo mbalimbali. Wakadai kwamba mfumo mpya upimwe pia katika seli kubwa za mashambani, zenye minara inayoachana kwa kilomita 6. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano likalikubali jambo hilo, na kijiji cha India kikaingia katika vipimo vya dunia. Hapakuwa na muujiza. Walikuwapo watu waliosoma, waliokuwa na hesabu mkononi, na waliokaa mezani mpaka wakasikilizwa.

WAJIBU WETU

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Twende mbele kidogo: hata chombo si msingi, kama maarifa yake hatunayo. Kujitegemea si kujifungia. Hakuna nchi inayotengeneza simu nzima peke yake, na anayetuahidi simu ya asilimia mia ya nyumbani anatudanganya. Kujitegemea ni kuwa na sehemu ya kazi ambayo wengine wanatuhitaji sisi kuifanya. Kwa msingi huo tunaona wajibu wa aina nne.

Kwanza, tuulize maswali yanayofaa. Mkataba wa kiwanda cha simu ukija mbele ya kamati, tusiulize idadi ya ajira tu. Tuulize: michoro ni ya nani? Vijana wetu wataruhusiwa kuibadili programu, au watafunga vifuniko? Maabara ya kupima antena itakuwa hapa au huko? Baada ya miaka 5, ni kazi gani itakayofanywa na mhandisi wetu ambayo leo hafanyi?

Pili, tuanze na kile tunachokiweza. Hakuna sababu ya kuanza na simu ya kifahari. Kifaa cha kupima mvua kinachotuma data kwa simu, mita ya maji ya kijiji, mizani ya pamba inayotuma uzito moja kwa moja kwa mkulima na kwa chama chake cha ushirika: vyote hivyo ni vyombo vya seli. Sehemu ya redio hununuliwa ikiwa tayari; saketi inayoizunguka, betri, programu na kasha vinaweza kusanifiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Mizani ya pamba inayosema kweli ni silaha ya mkulima dhidi ya mnunuzi mwenye jiwe la uongo. Hapo usanifu na siasa vinakutana.

Tatu, tuwathamini mafundi simu. Kijana wa Kariakoo anayefungua simu, akaisoma saketi bila kuwa na mchoro na kubadili chipu kwa mkono, ana maarifa ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Anajua ni sehemu ipi huharibika kwa vumbi, ipi kwa jasho, ipi kwa umeme unaopanda na kushuka. Wasanifu wa nje wanayatafuta maarifa hayo kwa fedha nyingi. Sisi tunayapita kila siku tukienda sokoni. Vyuo vyetu vya ufundi na wahandisi wetu hawana budi kukaa na vijana hao, kuyaandika wanayoyajua, na kuwafundisha wasiyoyajua.

Nne, tukae mezani. Nchi yetu ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, na Umoja wa Mawasiliano wa Afrika una makao yake Nairobi. Kupeleka mjumbe wa kusikiliza na kurudi na mkoba hakutoshi. Tupeleke wahandisi wale wale kwa miaka mingi, wakiwa na vipimo vya nyika zetu, misitu yetu na maziwa yetu: mawimbi hufikaje mwambao wa Ziwa Tanganyika, wavuvi wa usiku huenda umbali gani, kijiji kina kaya ngapi katika kilomita moja ya mraba. Kazi hiyo ni ya pole pole, haina sherehe wala utepe wa kukata. Kwa sababu hiyo hasa ni rahisi kuiacha.

Tusijidanganye kwamba njia hii ni fupi. Finland ilijifunza redio kwa miongo kadhaa kabla dunia haijaijua. Wakati tunaposoma maneno haya, kanuni za kizazi cha sita zinaandikwa, na humo yataamuliwa mambo kama yale ya kilomita 35 na herufi 70. Kuna watu watakaofikiriwa na watu watakaosahauliwa. Kada anayesimama mkutanoni na kuinua simu yake juu kama ushahidi wa maendeleo, na aendelee kuiinua. Ila akisha kuishusha, awaulize wenzake: katika chombo hiki, ni uamuzi gani tulioufanya sisi? Siku tutakapoweza kuutaja hata mmoja, ndipo tutakapokuwa tumeanza.